Kucha Katika Mashua ya Mgomba

Chiang Mai, Thailand
6 Novemba 2025

Shangazi yangu mpenzi,

Pokea salamu za mwanao kutoka nchi ambayo hata jogoo wake sielewi wanachosema. Goti lako linaendeleaje na baridi ya Wanale? Umemaliza dawa ile ya kupaka, au umempa tena jirani? Sisi wazima kabisa. Barua hii naiandika kwa simu na kumtumia Nulu, akuchapie pale dukani kwake, maana kwako simu ni ya kutangazia misiba tu. Nulu, ukishachapa, tafadhali usiisome kwa sauti.

Shangazi, nimeolewa. Nasema hivi kila asubuhi nikimkuta Norman kwenye mto wa pili, amelala mdomo wazi, na mimi namtazama kama mtu aliyeokota kitu njiani na mwenyewe hajarudi kukidai. Jana alinishika mkono kuanzia hotelini mpaka sokoni, mbele za watu wote, wala hakuuachia hata alipopiga chafya. Mungu ambariki Bwana Parag aliyetupa safari hii kama zawadi ya harusi. Nilidhani mwenye hoteli humpa mfanyakazi wake blanketi au saa ya ukutani. Kumbe ana ndugu yake mwenye nyumba ya wageni huku, akasema chumba kipo, nendeni mkaone taa.

Basi tumeziona. Jana ilikuwa sikukuu yao ya mwezi mpevu. Wanatengeneza taa za karatasi nyembamba, kubwa kama gunia la mkaa, na chini yake kuna pete ya nta. Mnaiwasha, mnaishika wawili, na mwanzoni haifanyi kitu. Kisha inaanza kuvuta kama mbuzi kwenye kamba, na mnaiachia. Ya kwetu iliondoka na nyingine nyingi zikapanda pamoja nayo mpaka mbingu ikawa kama Mbale yote imewasha mishumaa. Norman akaninong'oneza kwamba ya kwetu ndiyo iliyo juu kuliko zote. Nikaamini. Nililia, Shangazi.

Lakini sitakuficha, vingine vilinitia kinyaa. Nta ya moto ilidondoka shingoni kwangu. Taa moja iliyoungua ilianguka ndani ya sufuria la supu ya mama muuzaji, naye akaitoa kwa vidole, akakoroga, akaendelea kuwapakulia watu, nao wakala. Wageni wa nchi zote walikuwa wamebanana na jasho lao.

Baadaye tukaenda mtoni. Kule wanakata shina la mgomba vipande vya duara, wanavipamba kwa majani yake, maua, mshumaa na vijiti vya udi, halafu wanaviachia majini vielee kama mashua ndogo. Wanauomba mto msamaha na kuuachia mikosi yao uende nayo. Muuzaji akatuonyesha kwa ishara kwamba mtu hukata ukucha wake kidogo akautia humo, na unywele pia. Pembeni yetu mtalii mmoja mnene aliung'ata wa kwake kwa meno, akautemea kwenye maua, na mate yakabaki yananing'inia. Nywele nilikataa katakata. Lakini Norman akanitazama kwa yale macho yake, akasema tuweke kucha zetu pamoja, mikosi yetu iende safari moja. Basi akanikata kwa mkasi wa yule muuzaji, mkasi uliokwisha kukata umati wote, na ulikuwa unanata. Kucha zangu bado zina hina aliyonipaka Mama Rekha, mke wa Bwana Parag, siku ya harusi. Akazichanganya na za kwake na tukaisukuma mashua. Kinyaa kilinishika, ila mapenzi yalinishika zaidi.

Tunarudi Jinja tarehe tisa. Uje upesi kunifungulia jiko. Unajua siwezi kumpikia mgeni yeyote mpaka wewe uweke chungu cha kwanza kwa mkono wako, na mama yake Norman si Mgisu, haelewi kwa nini nyumba ya bi harusi haitoi moshi.

Binti yako mwenye furaha,
Nabifo


Wanale, Mbale
7 Novemba 2025

Nabifo,

Barua imefika. Goti linauma, asante. Nulu ameisoma, jirani Twaibah ameisoma, na mke wa katekista amenihurumia njiani kabla mimi sijajua nahurumiwa nini.

Nimefanya kazi ya askari jela mpaka nikastaafu. Nimesimamia umwagaji wa ndoo ambazo sitakueleza zilikuwa na nini, nikatoka hapo nikala ugali. Barua yako nimeisoma chai ikiwa mezani, na chai nimeimwaga. Mkasi uliokata watu wote. Mate juu ya ua. Na wewe, niliyekulea mimi kwenye nyumba ya kambi yenye chumba kimoja, ukanyoosha vidole.

Nilikufundisha nini ulipoanza kukata kucha mwenyewe? Kucha zinafungwa kwenye karatasi, karatasi inatupwa chooni, mtu hazioni. Hukuwahi kuniuliza sababu. Leo nakuambia. Mke mwenzangu alizikusanya za kwangu bafuni, siku za ujana wangu, nami sikuzaa. Najua mlisoma sekondari na mna maelezo mengine. Mume wangu hakutaka maelezo. Alitaka mtoto, akahamia kule watoto walikopatikana. Wewe ndiye mtoto niliyepewa, na kucha zako umezipa maji ya watu usiowajua, tena ukiwa bi harusi, tena zimepakwa hina ili zionekane vizuri.

Jiko sitafungua. Siwezi kuweka chungu kwenye nyumba ya mwanamke ambaye nusu yake inaelea kusikojulikana. Kucha zako zikirudi mkononi mwangu nizizike mwenyewe, nitakuja. Zisiporudi, mpikie mgeni wako mkate wa dukani.

Nulu ataipiga barua hii picha akutumie. Nimemwambia anaweza kuisoma kwa sauti.

Shangazi yako,
Docus


Jinja
12 Novemba 2025

Shangazi yangu,

Salamu nyingi, na goti ulipe pole zangu. Tumefika salama, ingawa Norman alikuwa na tumbo la safari na hakugusa chakula ndani ya ndege.

Barua yako niliisoma nikalia mpaka yule ndugu yake Bwana Parag akaleta chai. Sikujua habari ya mke mwenzako. Miaka yote ile nilidhani ni amri tu, kama zile amri zako nyingine za kukunja shuka.

Norman hakucheka, Shangazi. Alivaa viatu, akasema twende. Tulirudi mtoni asubuhi na sikuutambua. Usiku wa sikukuu ulikuwa kama shanga za dhahabu. Sasa ulikuwa na rangi ya maji ya kuoshea sufuria, na vipande vya mgomba vilisukumana ukingoni, vyeusi, vimelainika, maua yamekuwa uji. Wengine hutengeneza mashua kwa mkate, na ule mkate ulikuwa umevimba, samaki wanauchomoa vipande. Wafanyakazi walikuwa wanakokota mafungu kwa reki na kuyalundika kwenye ngazi, na kutoka kwenye lundo ilitoka harufu ya mgomba uliooza na nta baridi. Nywele zilikuwa zimenasa kwenye majani. Nyeusi, za njano, za mvi. Nilisimama darajani nimejiziba pua kwa shali, sikuweza kushuka. Yeye alishuka. Alipotea nyuma ya lundo muda mrefu, akarudi suruali imelowa hadi magotini, uso umekuwa kijivu. Jioni, hotelini, akanipa kifurushi cha karatasi kilichofungwa kwa uzi, akasema ni hizo, nisifungue, yasije yakanirudi yale niliyoyaona. Alikuwa ananuka mto. Nilimbusu hivyo hivyo.

Niambie ni mwanamume gani mwingine angefanya hivyo. Kila nikimtazama anaosha kikombe chake nataka kuwaita majirani waone.

Anakuletea barua hii na kifurushi mwenyewe. Anajua desturi, kwamba wewe ni mama mkwe wake kama vile umenizaa, hamshikani mikono wala hamtazamani. Ataweka kila kitu juu ya jiwe la mlangoni, wewe ugeukie ukuta.

Uje, tafadhali. Juzi mama mkwe alikuja na chapati zake kwenye mfuko, akazila uani akitazama paa la jiko.

Binti yako,
Nabifo


Wanale, Mbale
26 Novemba 2025

Nabifo,

Salamu. Goti nimelisahau, nina jambo baya zaidi.

Mkwe alifika siku ile kwa bodaboda kutoka mjini. Niligeukia ukuta kama inavyotakiwa. Aliweka kifurushi kwenye jiwe, akakaa mbali, akakohoa kwa adabu. Nilimsalimu kwa mdomo wa Nulu na yeye akanijibu kwa mdomo wa Nulu. Alipoondoka nilisema moyoni kwamba huyu kijana ana heshima, nimemhukumu bure.

Kifurushi nilikifunga kwenye kitambaa changu cha kanisani, nikakiweka kifuani. Wiki mbili nimetembea nacho. Nimelala nacho. Nimepokea nacho ushirika. Nilikuwa nangoja malewa, yale machipukizi ya mianzi ya mlimani, yakauke vizuri juu ya moto ili nije Jumamosi hii nikupikie na karanga, na jana nikachimba shimo nyuma ya jiko nizizike kabla ya safari. Nikasema, acha nizione mara moja, ni za mwanangu.

Nikafungua juani. Nabifo, hina iko wapi? Uliandika mwenyewe kwamba zilikuwa na hina. Hizi ni za njano, nene, zimejikunja kama ganda la karanga, na moja ina uchafu mweusi chini yake. Nimekagua miguu ya watu wazima asubuhi nyingi kazini. Ule ni ukucha wa kidole gumba cha mguu, na mguu huo ni wa mwanamume.

Wa nani? Wa yule mtalii aliyetema mate? Nimenawa kwa jivu. Nimenawa kwa mafuta ya taa. Kitambaa nimekichoma, nacho kilikuwa kizuri. Tangu jana sijatia kitu mdomoni, kwa sababu mkono unaoleta chakula ndio ule ule uliozishika.

Malewa nimeyarudisha juu ya moto. Muulize mumeo.

Docus


Jinja
28 Novemba 2025

Shangazi,

Sijui nikusalimie vipi. Nakuombea tumbo litulie.

Nimemuuliza. Alikuwa anakula. Nilimsomea barua yako yote, na nilipofika kwenye kidole gumba akaacha kutafuna, akatazama chini ya meza. Nikamwambia avue soksi.

Ni zake, Shangazi. Kidole gumba cha mguu wa kulia kimekatwa mpaka kwenye nyama. Siku zile zote nilidhani anachechemea kwa sababu ya viatu vya harusi.

Akaniambia yote. Alishuka kweli hadi kwenye lundo na akatia mkono. Mkono ulitoka na shungi la nywele lililogandishwa kwa nta, na ndani yake kucha za watu, fupi na ndefu, zimenata kama mchele. Alitapika hapo hapo juu ya suruali yake, akaingia mtoni kuiosha, ndiyo maana ilikuwa imelowa. Hakurudi tena kwenye lundo. Hotelini alijifungia chooni akakata za miguu kwa sababu za mikono zilikuwa zimekwisha sikukuuni. Nikamuuliza alifikiri nini. Akasema, "Nilitaka tu shangazi yako aje. Nilijua akija utapika, ukipika utacheka."

Mimi sikucheka. Nilimpa blanketi akalale sebuleni. Kwa mara ya kwanza tangu harusi nimemsikia anavyomeza chai. Ile miguu niliyokuwa naipaka mafuta kabla hajaanza kulala na soksi, siwezi kuitazama ikipita kwenye zulia. Nikifumba macho nakuona wewe kanisani, umeinama, na vile vitu viko kifuani mwako, vya mtu ambaye hata kivuli chake unakikwepa.

Na bado, Shangazi, asubuhi nilifungua mlango polepole nikamkuta amelala mdomo wazi, moyo ukafanya vile unavyofanya. Ndiyo maana nakuuliza wewe na si mwingine. Jiko sikuombi tena. Niambie tu, nikae au nirudi Wanale? Nimefunga begi dogo. Nangoja neno lako.

Nabifo


Wanale, Mbale
3 Desemba 2025

Mwanangu Nabifo,

Nimepata barua. Nulu aliniletea na maji ya tangawizi, maana alishaisoma. Kwa heshima zote, nilitapika. Miguu ya mkwe wangu. Katika ukoo wetu hakuna mwanamke aliyefikwa na jambo hili, na sitapenda mwingine alisikie, ingawa kwa sababu ya Nulu sasa limefika mpaka Nkoma, kule mjini.

Nilizichukua kwa kijiti, nikatembea nazo mpaka chooni, nikasimama. Goti likauma, nikakaa kwenye jiwe. Nikafikiri.

Mume wangu mimi, katika miaka yote niliyompikia, hakuniachia hata uzi wa shati lake. Alikuwa mwangalifu. Alijua mtu akiacha kitu chake mikononi mwa watu, ameshikwa. Huyu wako amejikata mpaka kwenye nyama, akajifunga kwenye karatasi, akapanda gari kutoka Jinja, akajileta mwenyewe mlangoni kwa shangazi wa mkewe na kuniwekea juu ya jiwe. Ni mwongo na ni mpumbavu. Lakini anayepanga kukutesa hafanyi hivyo.

Fungua begi.

Za kwako zimekwenda, zimekwenda. Maji yale hayakujui jina, na mwenye chuki nawe hataogelea mpaka kule.

Za kwake sikuzitupa. Nimezifunga upya na kuziweka mahali ambapo hata Nulu hapajui. Mwambie Norman kwamba ziko kwangu. Mwambie hivyo tu, kwa upole, kisha nyamaza. Hutahitaji kumwambia mengine.

Nakuja Jumamosi na malewa. Nikifika awe ametoka, apite njia ya nyuma. Nitaweka chungu mimi mwenyewe, na mama yake nitamketisha karibu na moto auone moshi mpaka machozi yamtoke. Norman atakula uani, mimi jikoni, na mlango uwe umefungwa katikati yetu. Mpakulie sahani iliyojaa.

Na avae soksi.

Shangazi yako,
Docus