Chai ya Kufunga

Kolwezi, Jumamosi, siku ya posho

Kwako yaya Adèle, dada yangu mukubwa, kule Lubudi,

Pokea salamu za nyumba yetu. Uko namna gani? Batoto na shemeji bako na nguvu? Sisi tuko, Mungu anatushika. Tania ameota meno mbili, ananiuma akinyonya. Baba yake angali anateremuka mu mugodi ya Mashamba kila asubui, anarudia mwekundu ya vumbi. Mi nachoka tu.

Yaya, unakumbuka mambo ya damu yangu. Kisha kuzala mutoto wa kilo ine na nusu, munganga alisema nirudie wapime sukari pamoja na mafuta ya damu, juu papa yetu alikufa na ugonjwa ya sukari. Infirmier Gael, muuguzi wa labo, aliniambia nikuye nimefunga. Mi nikafunga vile tunafunga ku kanisa: mama mwenye kunyonyesha anaruhusiwa chai ya maziwa. Nikakunywa kopo mbili, na sukari ndani. Mafuta ikatoka juu sana. Gael aliponiuliza nilikula nini, akacheka mpaka akashika meza. "Mama Tania, roho yako ndiyo ilifunga," akasema. "Damu yako ilikuwa mu feti, inakula na kucheza." Nirudie kisha masaa kumi na mbili bila kula kitu, maji tu.

Nilikusimulia mu telefone, tukacheka sisi wawili. Ulisema basi ni chai tu; kama mi niko muzima, na wewe vilevile, hauna haja ya kupoteza siku ku hôpital.

Nikarudia, tumbo tupu kweli. Munganga alinieleza polepole kama sukari yangu ingali mu mupaka, lakini mafuta wanaita triglycérides iko juu, na ile mafuta nzuri iko chini. Haiyakuwa ugonjwa bado, alisema, lakini kwa mutoto wa mugonjwa wa sukari ni alama: mwili umeanza kushindwa, na alama inaweza kutangulia ugonjwa miaka mingi. Nipunguze bukari, ule ugali yetu, sucré ya chupa na mafuta, nitembee, nipimwe tena. Mi nilisikia tu neno "sukari". Nikaona mguu wa papa, ule walikata. Nikafunga mutoto ku mugongo, nikarudia nyumba.

Yaya, nilikudanganya. Uliponiuliza, nilijibu kama mafuta imeshuka. Haikushuka. Niliogopa kulitamka ile neno, hata kwa bwana yangu nilinyamaza mpaka jana.

Sasa binti yako Stéphanie ananiambia unakunywa maji siku nzima na kiu haiishi, na kidonda ya kidole cha mguu ina mwezi haiponi. Wakikutuma kwa munganga, unajibu kama Chancelle alipimwa, iko sawa. Ni uongo yangu ndiyo inakuzuia. Silali.

Usingoje. Jumatatu, siku ya kwanza ya kazi, kamata gari ya asubui. Nitakuwa ku parking na mutoto ku mugongo. Unigombeze mu foleni ya labo, mbele ya watu wote, nitanyamaza. Lakini ukuye.

Salimia shemeji, umubusu Stéphanie. Mungu akulinde mu njia.

Ni mi mudogo wako,
Chancelle Kabedi