Turubai Nililomshonea Kaka Hassani

Mchafukoge, Dar es Salaam
Jumapili, baada ya adhuhuri

Mama yangu,

Shikamoo. Kwanza nakuuliza goti lako. Siku ile uliponiambia linauma ulikuwa unapalilia mikorosho, nami najua hukupumzika hata kidogo. Na bibi je, bado anakataa chakula cha jioni? Sisi huku tunapumua. Hiyo ndiyo salamu ninayoweza kukupa bila kusema uongo.

Barua hii anakuletea mama Fadhila wa chumba cha pili, anayekuja Tandahimba kumtazama mwanawe. Nimeandika kwa sababu simu yako ni ile ya dukani kwa mjomba, na mjomba akipokea huweka sauti ya nje, wanunuzi wote wakasikiliza. Haya ninayotaka kusema naomba uyasome mwenyewe, taratibu, ukiwa ndani.

Uliambiwa kwamba Hassani alianguka na pikipiki, akavunjika mguu wa kulia. Hilo ni kweli. Uliambiwa pia kwamba injini ilikwama kwa sababu fundi alimwekea oili mbovu. Hilo, mama, si kweli, na anayejua kwamba si kweli ni mimi.

Nianze mwezi wa kumi na moja, mvua za vuli zilipokuwa zinanyesha. Kaka alikuwa akirudi kutoka kubeba mizigo kwa pikipiki Kariakoo, miguu imelowa maji machafu ya barabarani, ngozi katikati ya vidole imechubuka, hata kuvaa viatu anakunja uso. Nikamwonea huruma. Nikaomba bango kuukuu la turubai kwa mwenye duka la vitenge hapa mbele, nikalikata, nikalitia bitana ya kiroba, nikalishona kwa sindano ya magunia, kwa ule mshono wako wa kukunja mara mbili. Lilikuwa linafungwa mbele ya pikipiki, kwenye bampa, lile bomba la chuma linalokinga miguu. Maji yakirushwa na magari yanaishia kwenye turubai. Kaka alifurahi, akanitembeza nalo hadi kijiweni kwao, nyuma ya Mtaa wa Sikukuu, akawaambia wenzake, "Oneni kazi ya mdogo wangu. Mnacheza na Somoe!" Waendesha bodaboda watatu wakaniomba niwashonee na wao. Nikawashonea. Mama, nilijiona mtu.

Kijiweni pale kulikuwa na fundi mmoja, mzee wa Rufiji, jina lake Kibwana, ila vijana wote wanamwita Babu Spana. Yeye ndiye aliyekuwa akiitengeneza pikipiki ya kaka tangu baba alipoinunua. Mvua zilipokatika na joto la mwezi wa kwanza likaingia, siku moja nilimpelekea kaka chakula cha mchana nikamkuta Babu amechuchumaa mbele ya ile pikipiki, ananusa.

"Hassani, hii injini inaungua," alisema. "Toa hili shuka la mdogo wako."

"Babu, linanikinga."

"Mvua iko wapi? Injini hii haina maji ndani kama ya gari. Inapoozwa na upepo tu." Akanionyesha vile vibati vingi vilivyopangana kwenye injini kama kurasa za kitabu, wao huviita mapezi. "Upepo unatakiwa upite hapa, uchukue joto uende nalo. Wewe umeizibia pua, halafu unaipakiza marobota, unatambaa nayo kwenye foleni ya Mtaa wa Kongo. Itapumulia wapi?"

"Kanishonea mdogo wangu, Babu."

"Basi mwambie akushonee na injini mpya."

Vijana walicheka. Nilishika sufuria yangu nikaondoka bila kuaga.

Jioni ile kaka alirudi bila turubai. Alikuwa amelikunja vizuri na kulifunga kwenye kiti. Nikamuuliza, "Ndiyo umelikataa?" Akasema Babu ameshauri. Nilikaa siku mbili sisemi naye, nikimwekea chakula bila neno, kama mtoto. Siku ya tatu asubuhi nikamwona analifunga tena kwenye bampa. Akaniambia, "Haya, tabasamu basi." Nikatabasamu, mama. Nikashika na kamba upande mmoja nikamsaidia kukaza.

Kinachonikosesha raha zaidi ni hiki. Muhula uliopita, kwenye mtihani wa fizikia, tulitakiwa kutaja kitu kinachopoozwa kwa hewa na kueleza namna yake. Nikaandika injini ya pikipiki. Nikachora na mapezi, nikaeleza kwamba chuma kikiwa na eneo kubwa linaloguswa na hewa hupoa upesi, na hewa isipopita joto hubaki. Nilipata alama zote za swali lile, na mwalimu akasoma jibu langu mbele ya darasa. Niliandika vile wakati turubai lilikuwa limefungwa kwenye pikipiki nje ya mlango wetu, na sikuona kwamba ni habari moja.

Baada ya hapo pikipiki ilianza kuchoka. Asubuhi inakwenda, mchana inakosa nguvu. Kaka alikuwa anasimama kivulini dakika kumi ipoe, kisha anaendelea. Mara moja aliimwagia maji ya ndoo, Babu akamfokea kwamba chuma cha moto kikimwagiwa maji ya baridi kinaweza kupasuka. Babu akambadilishia oili, akamwambia tena, "Lile shuka, Hassani." Kaka akasema, "Kesho, Babu."

Siku ya pili yake, saa nane mchana, kaka alikuwa Mtaa wa Uhuru na marobota mawili ya mitumba nyuma. Injini ikakwama ghafla, pistoni ikang'ang'ania ndani, gurudumu la nyuma likagoma kuzunguka. Alianguka upande wa kulia na pikipiki ikamlalia. Mfupa ulivunjika chini ya goti. Na injini, mama, ilikuwa ya moto kiasi kwamba hadi watu walipoinyanyua ilikuwa imekwisha kumuunguza upande wa ndani wa mguu. Ninamwosha kidonda kila siku kupitia tundu lililoachwa kwenye plasta. Mapezi yameacha mistari iliyonyooka kwenye nyama yake, sawasawa, kama ya daftari.

Kijiweni walifungua injini wakakuta oili nyeusi imeungua. Dulla, yule anayewaongoza wenzake, akainusa akasema, "Hii oili ya kurudia. Mzee katupiga." Unajua huku wapo watu wanaokusanya oili chafu, wanaichuja, wanaitia kwenye makopo mapya. Wakampigia kaka simu hospitalini wakamuuliza nani alimwekea oili. Kaka akasema, "Babu, juzi." Wakamuuliza, "Ilikuwa mbovu?" Akasema, "Itakuwa."

Neno moja lile, mama. Siku hiyohiyo waligeuza benchi la Babu Spana, wakachukua sanduku lake la vifaa, wakamfukuza. Wakampiga picha akiwa anaokota kofia yake chini, wakaituma kwenye kundi lao la simu, wakaandika: Muuaji huyu, msimpe pikipiki. Kundi lile lina waendesha bodaboda wa Kariakoo, wa Gerezani, hadi wa bandarini. Hakuna kijiwe ambacho angekwenda wasimjue.

Niliposikia nilimwambia wifi Zuhura kila kitu. Alikuwa anachambua mchele, hakuinua uso. Akasema, "Wifi yangu, funga mdomo. Kaka yako amebakiwa na mguu mmoja wa kusimamia, na wewe unataka kuukata?" Nikamwambia na kaka mwenyewe, alipokwisha kurudi nyumbani na plasta yake. Aliusogeza mguu wenye plasta kwa mikono miwili. Kisha akasema, "Unadhani mimi sijui?"

"Sasa mbona husemi?"

"Niseme nini, Somoe? Wale ndio wanaoniletea unga hapa. Ndio walionibeba. Nikisema nilimsingizia mzee, nani atakanyaga mlango huu?" Akageukia ukutani. "Na wewe watakuita nani? Mimi nakuficha wewe."

Mama, sikutaka kufichwa kwa namna ile. Lakini nakiri nilinyamaza wiki nzima, na nilinyamaza kwa sababu ilinifaa.

Kilichonitoa ni yale maturubai mengine matatu. Alhamisi nikitoka shule nilimwona Dulla amekwama kwenye foleni ya Mtaa wa Msimbazi, pikipiki inaunguruma, abiria mama mjamzito, na mbele ya injini kazi ya mikono yangu. Nikawaza gurudumu likigoma hapo. Nikaenda moja kwa moja kijiweni na sare yangu, nikamngoja.

Aliporudi nikamwamkia, nikasema mbele ya wote kwamba oili haikuwa mbovu, kwamba turubai ndilo liliziba upepo, Babu alimwonya Hassani mara mbili, Hassani alilitoa, na mimi ndiye niliyenuna mpaka akalirudisha.

"Eee, mwanafunzi kaja kutufundisha," mmoja akasema. "Ticha, na hesabu je, utatusaidia?"

"Sista, rudi nyumbani ukale," Dulla akasema. "Mbona langu ninalo na injini haijakwama?"

"Ingiza mkono nyuma ya turubai," nikamwambia. "Usiguse chuma. Uache hewani tu."

Aliingiza huku anacheka. Akautoa upesi. Akaenda kwenye pikipiki ya mwenzake isiyo na turubai, iliyokuwa imeingia sasa hivi kutoka stendi, akaweka mkono hivyohivyo, akauacha hapo muda. Akarudi kwenye yake. Akachomoa kisu akakata kamba. Wale wengine wawili wakafungua ya kwao. Walivitupa chini vitu vile, na mimi nikaviokota kwa sababu sikujua la kufanya na mikono yangu.

Nilidhani watasema, twende tukamwite mzee. Hakuna aliyesema. Mmoja akawasha pikipiki akaondoka. Nikauliza sanduku la vifaa liko wapi. Dulla akalitoa nyuma ya kibanda. Baadhi ya spana walikuwa wamekwisha kuziuza. Akaniambia, "Mpelekee wewe. Yuko Feri, anapara samaki." Hakuweza kunitazama, nami sikuweza kumlaumu, kwani mimi mwenyewe nilichukua wiki.

Jana nilikwenda Feri. Nilimkuta Babu kwenye meza ya zege, magamba mpaka kwenye nyusi, kisu mkononi, anamparia samaki mama mmoja mkaanga samaki. Mikono yake imekatwakatwa. Mkono uliozoea spana, wapara samaki wenzake wanamcheka, eti anashika jodari kama anafungua nati.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba." Alinitambua. "Wewe ndiye mshonaji."

Nikamweleza yote, nikaweka sanduku miguuni kwake, nikaomba radhi. Alisikiliza huku anapara. Alipomaliza samaki yule akafungua sanduku, akatazama zilizopo na zisizokuwepo, akalifunga.

"Kijiweni umesema?"

"Nimesema, Babu. Wote wamesikia."

"Kaka yako je, kasema?"

"Bado."

Akavuta samaki mwingine. "Wewe ni mtoto, mjukuu wangu. Umefanya vizuri, lakini watu watasema umetumwa, umemwonea mzee huruma. Jina langu lilichafuliwa kwa mdomo wa Hassani. Mdomo huo ndio utakaolisafisha. Mwambie simdai kitu kingine."

Nikamuuliza kama atarudi kijiweni kaka akisema. Akajibu, "Kwanza aseme." Akanipa samaki wawili nimpelekee mgonjwa. Nilitaka kukataa, akanikazia macho, nikapokea.

Samaki wale nilimkaangia kaka. Nikamwambia wametoka kwa nani. Akasukuma sahani. Leo tangu asubuhi hasemi na mimi, na wifi naye ananipita kama kiti. Nasoma huku nimekaa mlangoni. Sijutii, lakini nyumba imekuwa ndogo sana.

Ndiyo maana nakuandikia. Mimi ni mdogo wake, siwezi kumwamrisha. Baba angekuwa hai angemwita. Umebaki wewe. Najua utanikasirikia kwa lile turubai, na ni haki yako, uniadhibu nikija likizo. Lakini kabla ya hapo azima simu ya mtu mwingine, si ya mjomba, nenda nayo pembeni, umpigie Hassani. Simu anayo kitandani. Kundi lao la simu analo. Kinachotakiwa ni sauti yake tu, hata ya dakika moja, aseme kwamba oili ilikuwa safi na mzee alimwonya. Usimfokee. Anaona aibu, na mguu unamuuma usiku kucha. Mwambie tu kwamba wewe unajua. Nadhani akijua kwamba wewe unajua, atashindwa kuendelea kunyamaza.

Nisalimie bibi, umbusu mikono yote miwili. Msalimie mjomba wa dukani, na usimweleze. Mwanaidi mdogo wangu mwambie asiache kwenda shule eti kwa sababu ya korosho. Mwalimu wangu mkuu wa shule ya msingi ukimwona njiani mpe salamu, ila asiambiwe habari za fizikia yangu.

Ukimaliza kusoma, mama, usinipigie mimi. Mpigie yeye. Nitakuwa hapahapa mlangoni, nitaisikia simu ikilia.

Mwanao anayekuomba radhi,

Somoe