Ombi la Tano

Woolwich, London
9 Machi

Kwa dada yangu mpenzi, Bi Zainab,

Assalaamu alaykum. Natumai barua hii itakukuta mzima, magoti yamepunguza ukali, na lile jino lako la mbele bado liko kazini. Mimi mdogo wako Mwadini ni mzima wa kutosha kulalamika. Presha ikipanda naimezea vidonge, baridi ikizidi naitukana. Huku watu wote wanakusalimu, hata wasiokujua, maana nimeshakusengenya kwa kila mtu.

Umeniuliza kwenye simu mara tatu ile habari ya kaunsili imeishia wapi, na mara zote tatu nimekujibu kuwa Wazungu wamekataa. Leo nakueleza kwa kalamu, kwa sababu kwenye simu mimi ni mwongo hodari. Barua anakuja nayo Miska, binti yake Hafidh. Isome mwenyewe, usimpe mtoto wa jirani akusomee.

Kaunsili ni serikali ya mtaa, hao wanaozoa taka na kututoza faini. Kila mwaka hukaa wakachagua mambo matano ya kuliomba Bunge libadilishe sheria, maana wao wenyewe sheria hawawezi kutunga, wanaweza kupanga viti tu. Mwaka huu wakaziita jumuiya za wazee nazo ziseme. Yetu ya Wapemba na Waunguja ikanituma mimi. Hafidh, mwenyekiti wetu, alinieleza wazi kuwa hakunichagua kwa elimu, anajua darasa la sita ndilo lililonitema. Alinichagua kwa kuwa mdomo wangu hauna breki. Ombi letu lilikuwa moja: sheria ya viza ilegezwe, mtu aweze kumleta ndugu yake mzee aliyebaki peke yake. Karatasi aliandika Hafidh, lakini mtu aliyemo ndani ni wewe. Mjane, mwanawe amemzika, ana miaka sabini na tisa na anajitekea maji mwenyewe.

Mkutano ulikuwa kwenye ukumbi karibu na soko. Chai yao usiiulize, nimeona maji ya kuoshea vikombe yenye rangi kuliko ile. Nikakaa ubavuni mwa Pramila, mama wa Kihindi mzaliwa wa Dar, Kiswahili chake kinawashinda wajukuu zangu wote. Yeye wazee wenzake walimtuma adai sheria ya kuilazimisha kila kaunsili iweke vyoo vya umma. Nikamtania kwamba Bunge zima la Uingereza litakaa kujadili haja yake ndogo. Akaniambia nicheke tu, kwa umri wangu mimi ndiye mteja wake wa kwanza. Nilicheka mpaka yule bibi wa Kizungu aliyeongoza kikao, miwani inamning'inia shingoni, akatugongea meza.

Yakapita manne: nyumba, mabasi, mishahara ya wanaohudumia wazee, na hewa chafu. Ikabaki nafasi moja, na waliobaki kuigombea ni wawili, vyoo vya Pramila na wewe. Bibi yule akanigeukia, akaniuliza kwa upole kama tungependa letu ndilo liingie.

Sasa, unajua tulivyolelewa. Mtu akikukaribisha chakula huitikii mara moja. Unasema ah, kuleni tu, mimi nimeshiba, na tumbo linanguruma. Unangoja ubembelezwe, uvutwe mkono. Basi nami nikasema kwa adabu zote kuwa letu si kubwa, watangulie wenzetu. Nikainamisha kichwa, nangoja. Nao wakaandika vyoo.

Hafidh nilipomweleza alijishika kichwa. Nikamwambia Mzungu hajui kumbembeleza mgeni, sasa mimi ningefanyaje? Jumuiya nzima ikacheka, ikasikitika, ikanisamehe. Ila Pramila tangu siku ile nikimsalimia sokoni anageukia vitunguu.

Anayo haki, dada, kwa sababu yeye alikuwepo. Kabla ya kuandika, yule bibi aliinua kalamu akaniuliza mara ya pili kama nina hakika. Na Pramila akanifinya mkono, akaninong'oneza niseme ndiyo, mzee, dada yako kwanza, sisi tumejibana miaka yote na mwaka huu tutajibana. Nilibembelezwa kama niko Pemba. Nikasema nina hakika.

Wewe unajua naishi nyumba ya ghorofa tatu yenye bustani. Nyumba ipo, na bustani ipo, lakini ni ya kaunsili. Mimi tangu mke wangu afariki nimepewa chumba kimoja humo, na bafu nashirikiana na wazee wenzangu wawili. Pale ukumbini nilikuona umesimama mlangoni na sanduku lako, unatafuta ghorofa ziko wapi. Nikaiangalia aibu yangu, nikaacha kukuangalia wewe.

Wiki ile ile nikawaandikia kaunsili nataka kulifuta neno langu. Wamenijibu kwa heshima nyingi kwamba orodha imeshakwenda Bungeni, nijaribu mwakani. Mwakani utakuwa na themanini. Nimetafuta mzaha wa kutia hapa, sikuupata.

Usinisamehe upesi. Nipigie simu unikaripie kwanza, kwa sauti yako ile ya kufukuza mbuzi.

Wasalimie jirani zako wote, na wanaokuletea samaki uwaambie nawashukuru, kazi ile ilikuwa yangu. Ndani ya bahasha nimetia picha ya chumba, Miska ameipiga mchana, mwanga ni mzuri. Kitanda ndicho hicho, jiko liko nyuma ya pazia. Angalia chini ya dirisha, pana upenyo baina ya kabati na ukuta. Jana nimelisogeza lile kabati kidogo, nikalala chini kupima. Mtu wa kimo chako anaenea.

Wassalaam,
mdogo wako,
Mwadini