Nyuma ya Hawe Sidi

Jumamosi, 3 Mei 1986

Nimefua kitambaa cha meza ya Bwana, nimekipiga pasi. Mchungaji ametuambia akina mama kila jioni tuandike tulipomwona Mungu siku hiyo. Leo: mvua ilingoja nguo zikauke. Inatosha.

Jumapili, 4 Mei

Nina hasira.

Ushirika Mtakatifu. Kikombe kimoja kwa wote, kama siku zote. Hawe Sidi (hawe kwetu ni bibi), shangazi yake mume wangu, akapiga magoti, akanywa. Waliokuwa nyuma yake wakarudi mabenchini bila kunywa. Wote. Mtoto wa jirani ana degedege, na mchawi wameshampata: mjane mwenye mvi na macho mekundu. Macho ni ya moshi wa kuni. Mwanamke gani hapa asiyejua hilo?

Mimi nilikuwa mbele yake, nilikwisha kunywa.

Leo sikumwona Mungu popote.

Jumatano, 7 Mei

Mtoto ametoka hospitali Malindi. Malaria. Anacheza uani. Nilidhani watu wataona haya. Thubutu! Sasa wanasema Hawe ameogopa, ndiyo maana amemwachia. Mtoto akifa, ni yeye. Akipona, ni yeye.

Jumanne, 20 Mei

Nilikwenda kwa mchungaji. Nikamwambia kanisa lake limemhukumu mwanamke mzima bila hata kufungua mdomo. Akanipa chai. Akasema amepata njia: mwezi ujao Hawe atakunywa wa mwisho, baada ya watu wote.

"Kwa ajili ya amani, mama."

Amani ya nani? Chai yake sikuimaliza.

Nilirudi kwa miguu nikimgombeza Mungu njia nzima, kwa sauti, wapita njia wakinitazama. Mbona amenyamaza? Mbona hamtetei mtu wake? Karibu na kisima nikapata jibu, nalo lilikuwa fupi: basi simama nyuma yake.

Sikulipenda. Nilitaka awachape wao. Yeye ananituma mimi.

Ijumaa, 30 Mei

Neno lile haliniachi. Nikichota maji, lipo. Nikisonga ugali, lipo. Kama mgeni aliyepiga hodi na hataki kuondoka. Sikumwalika.

Na ukweli ni kwamba naogopa. Nimezaliwa huku. Niliyoyasikia utotoni juu ya wachawi hayakuoshwa na maji ya ubatizo. Hilo linaniudhi kuliko yote.

Nikamwambia Karisa, mume wangu. Hawe ndiye aliyemlea Karisa baada ya mamake kufariki, akamlisha, akamsomesha kwa kusuka makuti. Karisa akasema:

"Ukinywa nyuma yake, usinipikie tena."

Tenda wema nenda zako, ndivyo tulivyofunzwa. Hatukuambiwa kwamba uliyemtendea atakuja kukukimbia. Nitalala nikiwa nimempa mgongo.

Jumapili, 1 Juni

Watu walipokwisha kunywa, Hawe akaitwa. Akaenda peke yake, polepole, kanisa zima likimtazama. Nikainuka. Karisa alinishika leso. Nikaivuta.

Nikapiga magoti kando yake. Hawe aliligusa tu tone la divai kwa mdomo, kisha akashika pembe ya leso yake akaanza kuufuta ukingo wa kikombe. Alifuta kwa bidii, bila kunitazama, kama anayeomba radhi. Hapo hofu ilinitoka, ikaingia aibu.

Nikaweka mdomo pale pale alipofuta. Mchungaji hakukiondoa kikombe. Nikanywa yote iliyobaki.

Jioni nikapika ugali na mchicha. Karisa hakuja kula. Nikaenda kumwita Hawe. Alikataa mara mbili, kisha akaja. Tukakaa mkekani, akala sehemu ya Karisa, yote.

Akasema mboga haina chumvi. Kweli, nilisahau.