Nimemfunza Dama Kukaidi

Jumatatu. Mvua ya alfajiri imeyamwaga matope yote ya Magongo barabarani, kisha jua likatoka kana kwamba halikuona kitu. Leo Dama amerudi shuleni.

Dama ni mdogo wangu, ana miaka kumi na mmoja. Muhula uliopita, akitoka shule, dereva wa lori la makontena alisimama akampungia mkono avuke. Akavuka mbio. Pikipiki ikalipita lori ubavuni, ikamvunja paja.

Miezi yote ya plasta jambo moja halikunitoka kichwani: dereva yule alikuwa mwema. Na Dama alikuwa na adabu. Kwetu mtoto akiashiriwa na mtu mzima hasiti, hutii. Ndivyo tulivyolelewa, yeye na mimi.

Lakini mkono ule haukujua kinachokuja nyuma ya lori.

Mama anataka kumpeleka Kaloleni kwa nyanya, akasome huko kusiko na malori. Simlaumu. Ila Dama anaitaka shule yake na marafiki zake, nami sitaki akue akiikimbia barabara. Nimemwomba Mama wiki moja nimfunze kuvuka.

Kwa hiyo tangu Jumamosi namfunza kukaidi. Mama alitusikia, akatoka jikoni na mwiko mkononi.

"Kadzo, mtoto wamfunza asisikie wakubwa?"

"Nyumbani asikie, Mama. Barabarani aangalie kwanza."

"Haya. Siku nikimtuma maji naye akaanza kuangalia kwanza, nitakuja kwako."

Leo asubuhi tulisimama ukingoni, Dama amenishika kifundo cha mkono hadi kinauma. Lori likasimama. Dereva akapunga. Nilinyamaza kwa makusudi, na sijui kama nimewahi kufanya jambo gumu kuliko hilo. Dama akasogea hadi kwenye pua ya lori, akasimama, akachungulia.

"We mtoto, wangoja nikutandikie mkeka?" dereva akacheka.

"Shikamoo, mjomba," Dama akasema bila kumtazama. "Bado naangalia."

Tuktuk ikapita ubavuni kwa kasi, ikaturushia matope. Kicheko cha dereva kikakatika. Njia ilipokuwa tupu tukavuka, yeye akichechemea.

Tulipofika ng'ambo alitaka kujua kama sketi imechafuka. Mimi nilitaka kulia.

Jioni nikamsimulia Mama. Alisikiliza akichambua mchicha, wala hakunisifu.

"Na siku ambayo hutakuwapo?" akauliza.

Nimelichukia swali hilo kwa sababu ni langu pia. Nimekuwa nikijidanganya kwamba kumshika ndiko kumlinda. Mtoto anayevuka kwa sababu mimi nipo, bado hajavuka.

Naogopa. Naandika hapa ili nisijifanye siogopi.

Lakini wiki yangu haijaisha. Kesho nitatangulia ng'ambo, nisimame mahali anaponiona. Atakuja peke yake, kwa macho yake mwenyewe, akichelewa anavyotaka kuchelewa. Nami sitamwita.