Cheti Kimepotea, Mwenyewe Nipo

Nyumbani, ghorofa ya pili,
juu ya duka la viatu.
Jumamosi, 14 Juni

Mpendwa Dada,

Shikamoo. Mgongo unaendeleaje? Na shemeji je, bado anakoroma mpaka majirani wanalalamika? Sisi huku wazima kabisa. Mama amepata miwani mpya, sasa anaona vumbi hata pasipo na vumbi.

Haya, nikupe habari. Tulipohama, mfuko wa karatasi zangu ulidondoka kutoka kwenye pikapu, na cheti changu cha uuguzi kilikuwemo. Basi hospitali mpya imenipenda kwenye usaili, ila wakasema uthibitisho wa chuo usipofika kabla ya mwisho wa mwezi, nafasi anapewa mwingine. Dada, nililia kama mtoto.

Nikatoa ripoti polisi, nikafunga safari hadi chuoni. Jalada langu lipo na alama zote zipo, ila picha imebanduka. Mkuu wa chuo akanitazama juu mpaka chini, akauliza watajuaje kuwa ndiye mimi. Akamwita matroni wetu wa bweni, ambaye bado yuko kazini, nywele nyeupe pe.

Matroni akanizunguka. Akasema yeye anakumbuka kasichana kembamba, si jimama hili. Kisha akaniuliza, "Haya, nyinyi wa mwaka ule mliniita nani nikiwapa mgongo?"

Jamani! Nikisema, namtukana mtu mzima mbele ya bosi wake. Nikinyamaza, kazi imekwenda. Nikafumba macho, nikajibu, "King'ora, mama. Kwa ile sauti ya kutuamsha alfajiri."

Weee! Alicheka mpaka akashika meza. "Wangu huyu," akasema, "tena ndiye aliyekuwa wa mwisho kuamka." Akatia sahihi palepale, mkuu akagonga muhuri, na chuo chenyewe kikapeleka barua hospitali.

Naanza kazi Jumatatu. Miezi yote hii mtu akiniuliza nafanya nini, nilikuwa najibu kwa kuzungukazunguka, mara muuguzi lakini, mara muuguzi ila. Jana dereva wa teksi kaniuliza, nikamjibu neno moja tu, nikatazama dirishani nikitabasamu peke yangu.

Nisalimie shemeji na wanao, hasa yule kitinda mimba mtundu. Mama anakuombea heri, na anasema simu haziumi, upige.

Akupendaye daima,
mdogo wako,
Muuguzi.