Ukurasa Wenye Sura ya Zamani

Jumatatu, 3 Februari

Pakiti tano zimerudishwa leo. Tano! Wote neno moja: feki. Kampuni imebadilisha pakiti ya mahindi msimu huu. Ile ya kijani yenye picha ya hindi imekuwa nyeupe yenye mistari, basi watu wanaishika kwa ncha za vidole kana kwamba itawauma.

Tangazo nimelibandika mlangoni tangu wiki iliyopita: Pakiti imebadilika, mbegu ni ile ile. Hakuna anayesoma. Wanasimama mbele ya tangazo lenyewe wananiuliza, Mama Zuhura, mbona pakiti imebadilika? Nakwangua kilebo mbele yao, natuma namba kwa simu, jibu linarudi kwamba mbegu ni halali. Ndipo wanakubali kununua. Koo limenikauka kwa kurudia maneno yale yale.

Miaka kumi na minane na duka hili la pembejeo, sijawahi kuuziwa mbegu feki hata kilo moja. Wanalijua hilo sokoni, wanalijua Bigwa ninakokaa. Ndiyo maana pesa ya ukoo nashika mimi.

Mchango wa mwisho umeingia leo. Sasa shamba la mama kule Kinole linaweza kupimwa. Ndugu wanne, vipande vinne, na jirani wa upande wa chini anayesogeza mpaka kila msimu kwa jembe lake, hatua moja moja, huku anatusalimia vizuri. Kipande cha chini ni changu. Tusipopima mwaka huu, mwakani atakuwa amefika kwenye migomba. Mpima anataka awe amelipwa ifikapo Jumatatu ijayo. Kaka Shabani amepiga simu mara mbili kunikumbusha. Nimemwambia, kaka, ulishaona mimi nikisahau kitu?

Jumatano, 5 Februari

Mvua asubuhi. Wateja hakuna. Nikasema nimalizane na mpima kabla duka halijajaa.

Anwani ya benki ninayo kwenye kikaratasi, aliniandikia dada wa benki siku niliyofungua akaunti. Nakiweka ndani ya kava la simu. Nikaandika herufi kwa herufi kama siku zote. Ukaja ukurasa siujui! Bluu yote imeondoka, umekuwa mweupe mtupu. Nembo imekuwa ndogo kama kifungo cha shati. Unaulizwa jina peke yake, nywila haionekani hata pa kuiandika. Nikafunga mbio.

Mimi huyu? Mimi ninayetambua mbegu feki kwa kuitingisha tu?

Nikampigia Zuhura, binti yangu, muuguzi Dodoma. Akasema umefanya vizuri mama, siku hizi wezi wanatengeneza kurasa, ukikuta kitu hukielewi usiingie. Nikajiona kichwa kweli kweli. Kikaratasi nimekichana, maana anwani hiyo wezi watakuwa wameshaiteka. Mchana kutwa kila aliyeingia dukani nimemsimulia. Hata aliyefuata dawa ya kupe ameondoka na somo.

Alhamisi, 6 Februari

Kaka tena. Nimemwambia benki ina matatizo, asubiri. Hakupenda. Pakiti zilizorudi: tatu.

Ijumaa, 7 Februari

Leo nimepata ujumbe kwenye simu, baada ya swala. Unasema: Mpendwa mteja, kuna kurasa bandia zinazojifanya benki yako. Bonyeza hapa uhakiki akaunti yako.

Nikasema si nilisema! Nikabonyeza.

Ukaja ukurasa wangu. Ule ule. Bluu yake, nembo kubwa, picha ya mama anayecheka na simu mkononi, kikufuli juu kabisa. Nilifurahi, sifichi. Nilikuwa kama nimekutana na mtu wa kwetu stendi ya ugenini. Nikaandika jina, nikaandika nywila. Ikaingia namba ya siri kwenye ujumbe, pamoja na onyo lake: usimpe mtu yeyote namba hii. Sikumpa mtu. Niliiandika kwenye ukurasa. Ukurasa ukanishukuru. Akaunti yako imehakikiwa, subiri saa ishirini na nne kabla ya kuingia tena.

Vizuri. Kesho saa hizi nitamlipa mpima. Nimemwambia kaka alale usingizi.

Jumamosi, 8 Februari

Nitaandika yote.

Saa nne asubuhi ameingia Mzee Mkude, anayelima kule bondeni. Ana mfuko. Akaniambia kwa kujidai, Mama Zuhura, hizo pakiti zako nyeupe baki nazo, mimi nimepata zenyewe. Akatoa pakiti za kijani zenye picha ya hindi. Kazinunua barabarani Dumila, kwa bei ya chini. Nikamuuliza umekwangua? Akasema nikwangue nini, sura yake naijua.

Nikampandishia sauti. Nilimheshimu kwa umri wake, lakini nilimpandishia. Nikamwambia, mzee wangu, mwizi atakuigizia nini kama si kile ulichokizoea? Kampuni imeshaacha pakiti hii. Mwizi bado anayo ya zamani, ndiyo anayokuuzia. Wewe unaikimbia ya kweli kwa sababu imebadilika, unaikimbilia ya uongo kwa sababu unai...

Sikumaliza. Midomo ilibaki wazi. Mzee akadhani nimeugua, akanivutia kiti.

Bluu. Nembo kubwa. Mama anayecheka.

Nilimwachia mzee wa watu duka lenye dawa za wadudu ndani, nikapanda bodaboda hadi benki bila hata kubadili ndala. Mlangoni kuna karatasi imebandikwa, kubwa, herufi nyekundu: Wateja wetu, ukurasa wetu wa kuingilia umebadilika. Imeanza kupauka kwa jua. Nimepita mlango huo mara ngapi mwezi huu? Sijui. Nyingi.

Dada wa benki alikuwa mpole, na upole wake ndio ulionimaliza. Alifunga akaunti kwanza, maswali baadaye. Kuna kilichotoka jana. Kingine walitaka kukitoa leo kikakamatwa njiani, maana benki ina kikomo cha kutoa kwa siku. Kama robo imekwenda. Kaandika malalamiko, kaniambia nikaripoti polisi, nimekwenda. Kama pesa hiyo itarudi, amesema asinidanganye, hajui.

Akanionyesha kwenye simu yangu. Ujumbe ule. Anwani ile. Mwanzo una jina la benki kweli, kisha mkia mrefu wa maneno mengine ambayo sikuyatazama. Nikamwambia mbona kikufuli kipo? Akasema mama, hata mwizi nyumbani kwake anaweka kufuli. Linakwambia mlango umefungwa, halikwambii nyumba ni ya nani. Akaniandikia tena kikaratasi. Kile kile nilichokichana. Anwani ile ile, herufi kwa herufi. Ukurasa mweupe ulikuwa wao, na Jumatano nilikuwa nimesimama mlangoni pa benki nikakimbia.

Nimerudi dukani. Mzee Mkude amekaa kwenye kiti changu, ameuza kilo mbili na pesa ameishika mkononi. Pakiti zake za kijani kazikwangua mwenyewe wakati ananisubiri. Akasema zote nne simu imezikataa.

Ni mjinga mimi. Naandika hivyo hivyo ili nisije nikajisahau.

Jumapili, 9 Februari

Ningeweza kusema benki imetuibia. Wangeamini. Niliwaza hivyo njia nzima ya kupanda Kinole, tena kwa mpangilio, na maneno nilikuwa nimeshayachagua.

Nimefika, wamekaa ukumbini, kaka Shabani na wadogo zetu wawili. Chai ya mdalasini tayari. Shikamoo kaka. Marahaba. Nikasema yote. Sikubakiza hata lile la kumfokea Mzee Mkude.

Wadogo zangu walilia kidogo, kisha wakaanza kunitetea, na kutetewa kulinichoma kuliko kutukanwa. Kaka aligeuza kikombe, akageuza tena, akasimama akatoka kwenda kwenye mikarafuu. Ile marahaba ndiyo iliyokuwa neno lake la mwisho kwangu leo.

Wakati naondoka niliwaambia wadogo zangu: pesa iliyobaki inatosha vipande vitatu. Changu kiachwe. Nimekula mimi, nilale njaa mimi. Wakasema lakini chako ndicho kinacholiwa na jirani. Najua. Kiachwe.

Jumatatu, 10 Februari

Nimemlipa mpima dirishani benki, kwa karatasi, kama zamani. Nimemwambia vipande vitatu.

Kaka hajapiga simu. Siku saba zilizopita nilikuwa namkasirikia kwa kupiga mara mbili.

Jumanne, 11 Februari

Tangazo la mlangoni nimeling'oa. Pakiti zenyewe nimezipanga mezani, ya kijani ya Mzee Mkude na mpya ubavu kwa ubavu. Akiingia mtu simfokei. Nampa sarafu akwangue mpya mwenyewe, kisha atume namba za zote mbili. Inachukua muda mrefu sana. Leo hazikurudi.

Kaka kimya.

Alhamisi, 13 Februari

Mpima alifika mapema na wasaidizi wake, bikoni, zile nguzo za mpaka, wamezibeba kichwani. Nilifunga duka, nikapanda na gari la asubuhi. Niliona aibu ya kwenda na aibu ya kutokwenda, nikachagua ya kwenda. Ukungu ulikuwa bado umekaa kwenye migomba.

Shikamoo kaka. Marahaba. Basi.

Mpima akauliza tunaanzia wapi. Kaka akashuka, akashuka mpaka chini kabisa, kwenye kipande changu, pale jirani alipofika na jembe lake. Akasimama na mguu mmoja juu ya tuta la jirani. Akasema, "Hapa. Kisha panda juu."

Nikasema kaka, changu si tulikubaliana kiachwe.

"Ulikubaliana na nani?"

Jirani alitoka kutazama. Alitusalimia vizuri, kama kawaida yake. Bikoni ya kwanza ikazikwa hatua nane ndani ya mahindi yake, pale mpaka wa mama ulipokuwa, na mzizi wa mti wa mpaka wa mama ukaonekana humo humo wakati wanachimba. Jirani akakuna kichwa akarudi ndani. Changu kikapimwa. Vya wadogo zetu vikapimwa. Kamba ikafika juu, kwenye mikarafuu ya kaka, chini kidogo ya kaburi la mama. Kaka akainua mkono.

"Basi. Pesa imeishia hapa."

Kipande chake ndicho kilichoachwa. Alikwishaamua tangu Jumapili, nadhani, pale alipotoka na kutuacha na vikombe vyetu. Nililia. Nililia mbele ya mpima na wasaidizi wake, na kamasi juu. Kaka akaniambia ninyamaze, hapa juu hana jirani wa kumsogezea mpaka ila mama, na mama hatembei.

Walipoondoka tukakaa kwenye jiwe. Akavaa miwani yake yenye kamba. Kaka Shabani, ambaye tangu nizaliwe hajawahi kuniuliza kitu asichokijua, akasema, "Hebu nionyeshe huo ukurasa."

Nikatoa kikaratasi. Nikamwambia sitafuti, sibonyezi ujumbe wa mtu, naandika mwenyewe hivi. Nikaandika. Akafuatisha kwa kidole, herufi moja moja, mpaka mwisho wa anwani, kisha akarudia kutoka mwanzo. Mtandao kule ni wa kubahatisha, tulisubiri sana. Ukaja. Mweupe mtupu, nembo kama kifungo.

"Huu ndio wa kweli?"

"Huu ndio."

Akaisogeza simu karibu na miwani.

"Mbaya."

"Mbaya," nikasema.

Alicheka yeye kwanza. Kisha akatoa kalamu mfukoni, akaniomba kikaratasi, akanakili anwani nyuma ya daftari lake la karafuu, polepole, kwa mwandiko wake mkubwa. Alipomaliza alinisomea nimsahihishe. Hakukosea hata herufi moja.